Usiku wa Ijumaa na Kadi ya Bi Chiku

Benchi la kibarazani kwa Dharsi, hapa Chumbageni, lina nafasi ya watu wanne, na kwa miaka kumi na mmoja sasa nafasi hizo zina wenyewe. Wa kwanza, upande wa ukutani, ni Mwinyijuma. Tunamwita Hakimu kwa sababu aliwahi kukaa mahakamani miezi miwili kama mzee wa baraza, na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Anayefuata ni Miraji, yaani Redio, ambaye hazimiki. Wa tatu ni Abrahamu, Injinia, Mlutheri wa Muheza aliyezeekea kwenye mashine za mkonge. Wa nne ni mimi. Dharsi mwenyewe hukaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka lake, na hajapewa jina la utani kwa kuwa kibaraza ni chake. Baada ya swala ya adhuhuri Sabiri, muuza kahawa, huleta dele lake. Alhamisi ninayoisimulia, habari ilikuwa moja: kadi ya bima ya Bi Chiku imefungwa. Bi Chiku ni mjane wa marehemu kaka yake Mwinyijuma, baba mmoja, mama mbalimbali. Ana ugonjwa wa sukari, hujidunga sindano kila siku, na Jumatatu alipokwenda zahanati ya Daktari Narmin kuchukua dawa, aliambiwa kadi haikubali. Kununua bila kadi hawezi. Dawa iliyokuwa imebaki nyumbani ilikuwa ya kumfikisha Alhamisi asubuhi. Hayo sote tuliyajua. Tulikaa, tukapokea vikombe.

— Habari ninayo kamili, alianza Redio. Kadi haikufungwa hivi hivi. Zahanati imewaandikia watu wa bima kwamba Bi Chiku alitibiwa kwao, na siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, alikuwa amelazwa hospitali kubwa. Watu wa bima wakauliza: mtu mmoja, vitanda viwili? Wakaifunga.

— Nani kakwambia?

— Nilikuwa dirishani nangoja dawa ya kikohozi. Masikio si ninayo?

Katika habari zote alizowahi kutuletea Redio, hii ndiyo iliyokaribia ukweli kuliko zote. Angeishia hapo tungekuwa na pa kuanzia. Hakuishia.

— Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna Bi Chiku wa pili.

— Ebo!

— Yuko Tongoni. Baibui kama la Bi Chiku, miwani kama ya Bi Chiku. Wanaazimana kadi. Huyu akiwa kitandani huku, yule anachoma sindano kule.

— Umemwona? aliuliza Dharsi.

— Mtu wa siri unamwonaje, Dharsi? Ukimwona hawi wa siri tena!

Nilisema kwamba Bi Chiku alikuwa na ndugu mmoja tu Tongoni, binti wa mama yake mdogo, na kwamba huyo alizikwa mwaka ule ukuta wa madrasa ulipoanguka. Redio alinitazama kama mtu aliyekatizwa katikati ya taarifa ya habari.

— Basi ndiyo hatari zaidi, alisema. Kadi inatumiwa na marehemu.

— Acheni uchawi, alisema Injinia. Hii ni mashine. Ile mashine ya kusomea kadi iko dirishani, si ndiyo? Dirisha linatazama baharini. Chumvi inaingia. Chuma kikila chumvi, kinashika mara mbili. Mimi nimeendesha korona miaka ishirini na mmoja...

— Korona gani tena? Ule ugonjwa?

— Mashine ya kuchana mkonge, wewe! Ilikuwepo kabla babu yako hajajua kukohoa. Korona ikiingia kutu, jani moja linahesabika majani mawili. Nimeliona kwa macho haya. Meneja akafurahi mwezi mzima, mkonge umeongezeka! Walipopima kamba, hakuna kamba. Sasa Bi Chiku kapitishwa mara moja, mashine imemhesabu mara mbili.

— Basi na sukari yake ihesabiwe nusu nusu, alisema Dharsi.

— Wewe fanya mzaha.

Hakimu alikuwa kimya muda wote huo, na kimya chake kina namna yake: huweka kikombe chini, hukunja mikono, hungoja hadi wote tumwone anangoja.

— Mnazungumza kitoto, alisema. Jambo hili lina sheria. Mtu mmoja kuonekana mahali pawili kwa wakati mmoja, sheria inaliita kujigawa.

— Kujigawa?

— Kujigawa. Kifungu kipo. Adhabu yake ni kubwa kuliko ya kughushi, kwa maana anayeghushi anadanganya karatasi, lakini anayejigawa anadanganya maumbile.

— Allah! alisema Redio, na nikaona amekwisha kulihifadhi neno lile ili alipeleke vijiwe vingine.

— Sasa Bi Chiku atashitakiwa? aliuliza Dharsi.

— Bi Chiku ni shemeji yangu, hawezi kujigawa bila mimi kujua. Aliyejigawa ni zahanati. Mimi ndiye niliyempeleka usiku ule. Nani alimbeba hadi kwenye bajaji? Mimi. Nani alipiga mlango wa zahanati umeme umekatika, kiza tupu? Mimi. Nesi akamdunga, akamtundikia maji, alfajiri tukampeleka hospitali kubwa. Mtu niliyempeleka kwa mikono yangu waje waniambie hakuwepo?

— Hawasemi hakuwepo, nilimwambia. Wanasema alikuwepo mno.

— Ndiyo huko kujigawa.

Injinia alirudi kwenye chumvi yake. Redio alimwacha akafika nusu, kisha akashusha sauti, jambo analofanya anapokusudia kusikiwa hadi mtaa wa pili.

— Nitawaambia kitu, lakini kisitoke hapa. Bima wana orodha. Ukikaribia siku zako, jina lako linatiwa nyekundu. Kadi inafungwa mapema, ili mtu asife mikononi mwao. Si mnakumbuka Bwana Ernesti? Kadi ilifungwa, wiki ya pili tukamzika.

— Ernesti alizama Raskazone, nilisema. Alikuwa akiogelea.

— Na kadi ilikuwa imefungwa!

— Alikuwa amestaafu.

— Basi! Wewe unaona vinaingiliana, unakataa tu.

Tulikuwa tumefika hapo, marehemu mmoja anatumia kadi na mwingine amezamishwa na orodha, ndipo Praxeda alipotokea kwenye kona. Praxeda ni karani wa zahanati ya Daktari Narmin, anayejaza fomu za madai za wagonjwa wa bima. Ni mtoto wa wakulima wa Lushoto, Mkatoliki, na wakati huo hakuwa ametimiza hata miezi mitano hapa mjini. Mkono mmoja alishika barua, wa pili kitabu kinene kilichojaa vipande vya karatasi vya kutia alama.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, tulimjibu, na kabla sauti haijaisha Redio alikwisha kumrukia.

— Ndio hao! Mmemfanya nini Bi Chiku?

— Ndiyo nimekuja kwa ajili yake, baba.

— Na hicho kitabu ni cha nini?

— Ni mwongozo wa madai. Bima huwapa watoa huduma wote.

— Mtoa huduma ndiye nani?

— Sisi zahanati.

— Ahaa! Redio alipiga paja. Sasa nimeelewa. Mnaitwa watoa huduma kwa sababu Bi Chiku alikuwa ndani ya huduma, mkamtoa!

Benchi lilicheka, na Sabiri naye akacheka hadi dele likatikisika. Praxeda hakucheka. Alisimama juani, maana hakuna aliyesogea, akafungua kitabu palipokuwa na alama.

— Naomba dakika chache tu, wazee. Mwongozo unasema mgonjwa akiwa amelazwa hospitali, kituo kingine hakiwezi kudai malipo yake kwa tarehe hizo hizo. Likitokea, wanahesabu kwamba kadi imetumiwa na mtu mwingine, na wanaifunga mpaka aliyempeleka mgonjwa atoe maelezo kwa maandishi. Barua yao ilitufikia jana jioni. Hospitali kubwa wameandika Bi Chiku alilazwa Ijumaa tarehe sita ya mwezi uliopita, asubuhi, akatoka Jumapili. Sisi tumeandika tulimpa huduma ya dharura Ijumaa tarehe sita, saa mbili usiku.

— Kujigawa, alisema Hakimu.

— Samahani, mzee?

— Endelea, binti. Nitatoa uamuzi mwishoni.

— Usiku ule hakukuwa na umeme. Nesi aliandika saa, tarehe hakuandika. Jumatatu yake nilipojaza fomu nilikuuliza wewe, Mzee Mwinyijuma, ulipoleta kadi. Nilikuuliza mlimleta lini. Unakumbuka ulinijibu nini?

— Nakumbuka kama jana. Nilikwambia usiku wa Ijumaa.

— Na ndivyo nilivyoandika.

— Na ndivyo ilivyokuwa.

— Una hakika, mzee?

— Binti, mimi nimekaa mahakamani. Ulizia mtaa mzima kama nimewahi kubadili kauli. Usiku wa Ijumaa, saa mbili, kiza, bajaji ya Raheel. Andika tena ukitaka.

Praxeda aliitazama barua, akaitazama fomu, akamtazama Hakimu. Niliona anatafuta mwongo na hamwoni. Kisha akauliza jambo jingine kabisa.

— Kesho yake, baada ya kumfikisha hospitali, ulikwenda wapi?

— Nikarudi kuoga, nikaenda msikitini. Nilimkuta nje Almas, mwanawe Bi Chiku anayeishi Pangani, akaniuliza hali ya mama yake.

— Ulikwenda kuswali adhuhuri?

— Adhuhuri ya nini? Ijumaa! Swala ya Ijumaa, na hotuba yake.

— Kesho yake ilikuwa Ijumaa?

— Sasa ingekuwa nini? Usiku wa Ijumaa ukicha, kunakucha nini? Jumatatu?

Praxeda alikaa chini, kwenye ukingo wa kibaraza, pasipo mkeka wala gazeti.

— Yaani Alhamisi, alisema taratibu. Mlimleta Alhamisi, jua likiwa limezama.

— Jua likizama si Alhamisi tena! Ni usiku wa Ijumaa! Mfalme wa siku zote, usiku wake usijulikane?

Hapo kelele zilianza. Hakuna aliyemwuliza Bi Chiku atafanyaje. Walimwuliza Praxeda amesoma wapi.

— Khaa! Hajui usiku wa Ijumaa! alilia Redio. Usiku hutangulia, mwanangu, mchana hufuata. Hata mtoto wa madrasa anajua.

— Kwetu usiku wa Ijumaa ni Ijumaa ikiisha, alisema Praxeda.

— Huko milimani jua linazama vipi?

— Msimwonee, alisema Injinia, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema jambo lisilokuwa na mashine ndani yake. Mimi nilipohamia mjini nilialikwa harusi ya mtoto wa jirani, usiku wa Jumapili. Nikavaa suti, Jumapili usiku, na zawadi yangu mkononi. Nikakuta wanasugua masufuria. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, amejifunga msuli. Miaka minne nimechelewa shughuli za watu, nikidhani watu wa Tanga hawapendi wageni.

— Hukusema!

— Ningesema nini? Niliwaambia niliumwa tumbo.

— Kosa langu pia, alisema Praxeda. Ningekuuliza tarehe, mzee, si siku. Sikuuliza mara ya pili. Sasa sina ruhusa ya kuifuta mwenyewe, mwongozo unakataza karani kufuta tarehe iliyokwisha kutumwa. Lakini wewe ukiandika hapa kwamba ulikosea kutaja siku, ukatia saini, nitaipeleka leo hii.

Nadhani angetumia neno jingine lolote tungemaliza mapema. Hakimu alikunja mikono.

— Kwamba nilifanya nini?

— Ulikosea kutaja siku.

— Sikukosea.

— Najua, mzee. Ni kwa ajili ya fomu tu.

— Fomu ndiyo inayobaki, binti. Mimi nitakufa, fomu itabaki. Mjukuu wangu atakuja kusoma kwamba babu yake hakuijua Ijumaa.

— Usitie saini, Hakimu, alisema Redio. Ukikiri umeipotosha bima, wanakufunga wewe badala ya kadi. Yuko mtu Pangani alitia saini kupokea chandarua, nyumba ikaondoka.

— Nyumba iliondoka ikaenda wapi? aliuliza Dharsi.

— Iliondoka!

— Na wino, alisema Injinia, chumvi imekwisha kumrudia. Wino wa siku hizi ukikaa karibu na bahari unabadilika. Leo unaandika tano, mwezi ujao inasomeka sita.

Praxeda aliwaangalia mmoja mmoja. Alikuwa bado na adabu, lakini mguu mmoja ulikuwa umeanza kupiga sakafu.

— Barua inasema maelezo yafike kabla ya Ijumaa. Kesho ni Ijumaa.

— Basi wakati upo, alisema Hakimu. Niache nitafakari. Njoo baada ya swala ya alasiri.

— Kwa hesabu yako mwenyewe Ijumaa inaingia leo magharibi, alisema Dharsi. Umebakiwa na saa nne.

— Kwa hesabu ya bima inaingia saa sita usiku, alisema Redio. Saa zipo nyingi.

— Kwa hesabu ya mlinzi wa geti lao, alisema Praxeda, inaingia saa tisa na nusu. Akishafunga, amefunga.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Hakimu alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, kana kwamba nayo ingeweza kutoa ushahidi. Hakuna aliyemsukuma, kwa sababu kumsukuma Hakimu ni kukubali kwamba jambo limekwisha, na likiisha hapana tena la kuzungumza. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilimwambia Praxeda aandike hivyo hivyo anavyosema mzee, neno kwa neno, wala asimtie kosa.

— Haya, alisema Praxeda, akageuza fomu. Sema mwenyewe, nitaandika.

Hakimu alikohoa, akanyoosha kanzu.

— Mimi Mwinyijuma, mzee wa baraza...

— Mstaafu, alisema Dharsi.

— Mzee wa baraza, nilimfikisha shemeji yangu Bi Chiku kwenye zahanati, saa mbili ya usiku wa Ijumaa. Umeandika? Usiku ambao ninyi watu wa ofisini mnauita Alhamisi tarehe tano.

— Nimeandika.

— Nilipoulizwa nilijibu sawasawa. Sikukosea.

— Hilo la mwisho lazima liwepo?

— Lisipokuwepo sitii saini.

Aliliandika. Hakimu alisoma karatasi mara mbili, midomo ikitembea, akaomba neno sikukosea lipigiwe mstari, likapigiwa. Kisha akatia saini ndefu, yenye mkia unaorudi nyuma kupita chini ya jina lote. Redio alitaka kuhesabiwa shahidi. Aliambiwa fomu haina nafasi ya shahidi, akasema ndiyo dalili ya ujanja.

Praxeda aliikunja karatasi na kuitia ndani ya mwongozo.

— Nitaita bodaboda. Wakiipokea kabla hawajafunga, kadi inafunguliwa jioni hii, na dawa nitamletea mwenyewe nikitoka kazini. Ahsanteni wazee wangu.

Alisimama, akakung'uta vumbi la kibaraza kwenye sketi. Akageuka.

— Na Bi Chiku mwenyewe ameamkaje leo?

Redio alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu.

— Nauliza tu, alisema Praxeda. Sindano ya mwisho ilikuwa ya asubuhi. Nani kapita kumwona?

Nyumba ya Bi Chiku ni ya tatu kutoka dukani, upande wa pili wa njia. Mtu akikaa nafasi ya nne, yaani yangu, anauona mlango wake bila kugeuza shingo. Tulikuwa tumemtaja Bi Chiku tangu saa saba. Tulimpeleka Tongoni, tukamgawa vipande viwili, tukampitisha kwenye mashine ya mkonge na kumtia kwenye orodha ya wanaokufa. Hakuna aliyekuwa amevuka njia. Nami nilikumbuka wakati ule kwamba mlango ule sikuwa nimeuona ukifunguliwa siku ile.

— Wanawake hupita, alisema Hakimu mwishowe.

— Wanawake gani?

Hakimu alikunja mikono.

Praxeda alivuka njia. Aligonga, akasema hodi. Hakukuwa na jibu. Akasema hodi tena, kwa sauti zaidi, akiweka kiganja kwenye ubao wa mlango. Kwenye benchi, Redio alisogea mbele ili asikie.

— Hodi, Bi Chiku!

Sauti ilitoka ndani, ndogo, ya mtu aliyelala.

— Karibu mwanangu. Sukuma tu. Miguu haina nguvu leo.

Praxeda alisukuma, akaingia, akauacha mlango wazi nyuma yake.

Hakimu alivuta pumzi, akaegemea ukuta.

— Mmesikia? Mzima kabisa, alisema. Mimi nilijua. Sabiri, hebu mimina.